"Ulilala na Nani?" Swali la Daktari wa Ngozi ni Kazi Yetu Pia

Mji wa Uvira umeingia katika majarida ya tiba ya ulimwengu kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni maji: kipindupindu, mabomba yanayokauka, na ziwa ambalo watu hulirudia kila bomba linapokauka. Mlango wa pili ni ngozi. Mwaka 2023 aina mpya ya virusi vya mpox ilionekana Kamituga, kule kwenye machimbo ya dhahabu, na mwaka 2024 ikawa imeshafika kwetu ziwani. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira ikapokea wagonjwa wengi, watoto kwa watu wazima. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Watafiti wa INRB ya Kinshasa pamoja na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp waliwafuatilia wagonjwa wa Uvira kitanda kwa kitanda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025 katika The Lancet. Wanafunzi wa tiba ng'ambo sasa wanalisoma jina la mji wetu bila kujua kama uko kusini au kaskazini ya ziwa.

Makala za namna hii nazisoma kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, kwa hiyo macho yangu hukimbilia mahali ambapo daktari hapatazami. Kila utafiti wa ugonjwa wa ngozi una majedwali. Sehemu ya jedwali hutoka maabara: virusi vipo au havipo, bakteria wapo au hawapo. Sehemu nyingine hutoka kinywani mwa mgonjwa: vipele vilianza lini, vilianzia wapi, vinawasha au vinauma, uligusana na nani. Maabara haina lugha ya mama. Kinywa kinayo. Na kabla jibu la mama wa Kalundu halijawa namba kwenye jedwali la Kiingereza, limekwisha kuvuka Kifaransa cha daktari, na pengine kabla ya hapo limevuka Kiswahili kutoka Kifuliiru, Kivira, Kibembe au Kirundi.

Hoja yangu ni hii: daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya ngozi katika ukanda wetu bado hajafundishwa utafiti kikamilifu mpaka afundishwe kuuliza swali katika lugha ya mgonjwa na kuthibitisha kwamba lililoulizwa ndilo lililosikika. Na wa kumfundisha hilo ni sisi wa lugha. Si hisani, ni kazi tuliyoisomea.

Tuanze na mahali mafunzo yenyewe yanapotolewa. Kituo kinachojulikana zaidi katika Afrika Mashariki kiko Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, katika hospitali ya KCMC. Kilianza mwaka 1992 kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania na wakfu wa kimataifa wa madaktari wa ngozi. Waanzilishi wake waliona jambo ambalo miji mikubwa hulisahau: magonjwa ya ngozi yako kila kijiji, na madaktari bingwa wako mjini. Kwa hiyo hawakungoja madaktari tu. Walichukua maafisa tabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, wakawafundisha miaka miwili, wakawarudisha kwao. Baadaye kikaja na kisomo cha ubingwa kwa madaktari, ambacho hakimaliziki bila mwanafunzi kufanya utafiti wake na kuandika tasnifu. Kituo hicho hicho ndicho kilichojulikana kwa kutengeneza mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua. Nakiheshimu sana. Lakini lugha ya masomo ni Kiingereza. Daktari wa Uvira ambaye amesoma tiba yote kwa Kifaransa akivuka ziwa kwenda Moshi atajifunza utafiti kwa lugha ya tatu, na akitaka Kifaransa atatazama Kinshasa, ambako Kiswahili chetu ni lugha ya wageni. Huku au kule, ataandika maswali yake kwa lugha ya kitabu. Atakapofika wodini, maswali yatatafsiriwa na nani? Na muuguzi wa zamu, papo hapo, akiwa amesimama, huku wagonjwa wengine kumi wakingoja.

Simlaumu muuguzi. Nalaumu mpango unaomwachia peke yake kazi ngumu kuliko kupiga darubini.

Chukua kitenzi kimoja: kulala. Mpox ya aina iliyotukumba huenea kwa ngozi kugusana na ngozi. Kamituga, katika wagonjwa 108 waliothibitishwa na maabara katika utafiti wa kwanza, asilimia 29 walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Baadaye, ugonjwa ulipoingia majumbani, watoto wakaupata bila ngono yoyote, kwa kubebwa, kuogeshwa na kulazwa pamoja na mgonjwa. Basi swali kubwa la mtafiti likawa hili: huyu aliyelala hapa kitandani aliambukizwa kwa njia ipi? Jibu lake ndilo linaloamua chanjo ianzie kwa nani, na onyo la redio liseme nini.

Sasa muulize mgonjwa kwa Kiswahili: "Je, ulilala na mtu mwenye vipele?" Kwetu kulala ni kusinzia. Kulala ni kukaa usiku mahali, ndiyo maana tunasema "jana nililala Bujumbura" hata kama hatukufumba jicho. Kulala ni kushiriki kitanda. Na kulala na mtu ni lile jambo lingine. Kwa ugonjwa wa kawaida utata huu ungetuchekesha tu. Kwa mpox, kitenzi kimoja kimezibeba pamoja zile njia mbili ambazo utafiti wote umekuja kuzitenganisha. Mgonjwa anayejibu "ndiyo" hajamwambia mtafiti kitu.

Nilimjaribu shangazi yangu kwa swali hilo, kwa makusudi, nikiwa na daftari. Alinitazama kwanza.

"Mi nalalaka na bajukuu bane, kitanda moja. Unauliza hao?"

"Hapana, shangazi. Nauliza... kulala kule kwingine."

"Eh! Sasa mwanangu, hilo ndilo unaniuliza miye, mbele ya watoto?"

Mazungumzo yale mafupi yalinipa mambo mawili ya kuandika. La kwanza ni maana. La pili ni nani anamuuliza nani, mbele ya nani. Kijana wa miaka 24 hamuulizi shangazi yake jambo lile, na muuguzi anayesali naye kanisa moja hali yake si nzuri zaidi. Mgonjwa atachagua jibu litakalomwezesha kurudi nyumbani na heshima yake.

Wengi watasema dawa ya utata ni kutumia neno lililo wazi. Lipi? "Tendo la ndoa" ndilo neno la adabu linalopendwa na redio na vitabu vya afya. Lakini muulize msichana asiyeolewa, au mwanamke anayeuza mwili machimboni, kama amefanya tendo la ndoa katika wiki tatu zilizopita. Atasema hapana, na atakuwa amesema kweli, kwani hana ndoa. "Kujamiiana" ni neno la darasani. Wengine hulisikia kama "jamii", kukaa na watu. "Kukutana kimwili" limetoka madhabahuni na linanuka dhambi. "Kufanya mapenzi" vijana wanalielewa, wazee linawakera. Hakuna neno moja. Kuna neno la huyu na neno la yule, na mtafiti aliyefunzwa vizuri angekuwa na orodha, amekwisha kuijaribu mtaani kabla ya kuingia wodini. Hiyo ni isimujamii. Tunaifundisha mwaka wa pili na kuifanyia mtihani, kisha tunaifunga kabatini.

Mfano wa pili ni wa maumivu. Madaktari wa ngozi duniani kote wana kipimo kimoja wanachokipenda, chenye maswali 10, kilichotengenezwa Cardiff na Andrew Finlay na Gul Karim Khan mwaka 1994, cha kupima jinsi ugonjwa wa ngozi unavyoharibu maisha ya mtu. Kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100. Swali lake la kwanza linajumlisha kwa pumzi moja hisia nne ambazo Kiingereza kina neno la kila moja: mwasho, uchungu wa pahali palipochubuka, maumivu, na mchomo. Kiswahili kinazigawanya hisia hizo kwa njia yake chenyewe. Kuwasha ni kwa upele, na ni kwa pilipili mdomoni, na ni kwa moto na taa. Kuchoma ni kwa jua, kwa sindano, na kwa mbavu za mwenye homa ya mapafu. Kuuma ni kwa jino, kwa nyoka na kwa kidonda. Mgonjwa akisema "inanichoma", ngozi yake inawaka au inadungwa? Mwenye upele wa utitiri huwashwa zaidi usiku, na hiyo ni dalili anayoitegemea daktari. Baka la ukoma kwa kawaida haliwashi. Vipele vya mpox mara nyingi huuma. Ukivichanganya vitenzi umeyachanganya magonjwa.

Katika kipimo hicho hicho kuna swali linalouliza kama ngozi imekuzuia kwenda madukani au kushughulikia nyumba na bustani. Bustani! Mwanamke wa bonde la Ruzizi ana shamba la mihogo, na shamba si mahali pa kupumzikia jioni. Asipokwenda, watu hawali. Mfasiri akiandika "bustani" mgonjwa atajibu kwamba hana, na namba yake itakuwa sifuri, yaani hajaathirika. Akiandika "shamba" atajibu kwamba hajalima wiki mbili. Ugonjwa ule ule, mtu yule yule.

Rangi nayo ina kesi yake, na hapa kosa halikuanzia kwetu. Vitabu vingi vya ngozi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na dalili ya kwanza ya uvimbe katika vitabu hivyo ni wekundu. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa tiba London aliyezaliwa Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha kuonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, kwa sababu darasani hakuwa akionyeshwa ngozi kama yake. Alikuwa bado mwanafunzi, jambo ambalo nalitaja kwa makusudi katika jarida hili. Lakini hata picha zikiwa sahihi, fomu bado inauliza "je, ngozi iligeuka nyekundu?" Kwetu mtu mwekundu au mweupe ni mtu wa rangi ya maji ya kunde au nyepesi zaidi, ni sifa ya kuzaliwa. Ngozi nyeusi inayoungua haiwi nyekundu machoni pa mwenyewe, hugeuka nyeusi zaidi, au huivaa rangi ambayo kila lugha ya bonde hili ina namna yake ya kuieleza. Nani amezikusanya namna hizo?

Swali hilo naligeuza lituelekee sisi. Kifuliiru kina sarufi nzuri ya juzuu mbili, iliyochapishwa mwaka 2011, kazi ya Karen na Roger Van Otterloo. Toni zake, vinyambuo vyake, sintaksia yake, vyote vipo. Ni jambo la kushukuru. Lakini kwenye vitivo vya lugha bado tunaandika memwari juu ya methali na ngeli za nomino, nyingine zikiwa nakala ya zile za mwaka juzi, wakati maneno ambayo mgonjwa hueleza nayo mwili wake hayajaandikwa kwa utaratibu. Baka, kipele, lengelenge, usaha, kigaga, kovu: Kiswahili kina ngazi nzima inayolingana vizuri tu na ngazi ya kitabu cha daktari. Je, ngazi hiyo ina vidato vingapi katika Kivira? Katika Kibembe? Mtu anapanda kidato kipi ndipo husema amepona?

Swali hilo la kupona si la mapambo. Utafiti wa dawa ya tecovirimat uliofanyika nchini mwetu, ukaandikisha wagonjwa 597 huko Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru, ulipima jambo la ngozi: ni siku ngapi zinapita mpaka vidonda vyote vikauke na kufunga. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024, kwamba dawa haikuharakisha kupona. Vifo vilikuwa asilimia 1.7, vichache kuliko ilivyozoeleka kwa ugonjwa huo nchini, na watafiti wakasema uangalizi mzuri wa hospitali una uzito wake. Mimi nabaki kwenye sehemu nyingine ya kazi ile. Nusu moja ya wagonjwa katika utafiti kama huo hupewa dawa, wengine hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani, na hakuna ajuaye nani kapata nini, hata daktari. Wote lazima waelezwe hivyo kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Jaribu kulisema hilo kwa Kiswahili kwa baba aliyemleta mtoto hospitali kwa baiskeli. "Tutakupa dawa ambayo pengine si dawa." Ama atakuona mwongo, ama atakuona mchawi. Hata neno "uchunguzi", tunalolitumia kwa utafiti, ni la polisi na ni la maabara vilevile. Mgonjwa akisikia "tunakuchunguza" anadhani anatibiwa, au anashukiwa.

Na magonjwa ya ngozi yana historia yake katika jambo hili la ridhaa. Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, Norwei, ndiye aliyeona vijidudu vya ukoma mwaka 1873. Mwaka 1879 alitaka kuthibitisha kwamba vinaambukiza, akamchoma mgonjwa mmoja mwanamke kwenye jicho kwa chombo kilichotiwa majimaji ya ukoma, bila kumwomba ruhusa. Mwanamke yule alilalamika. Mwaka uliofuata Hansen alishtakiwa, akapoteza nafasi yake ya uganga hospitalini. Huyo ndiye mtu ambaye ukoma unaitwa kwa jina lake. Mahakama ilielewa miaka mia moja na zaidi iliyopita kwamba ridhaa ni maneno yaliyosemwa na kusikika, na pale wote wawili, daktari na mgonjwa, walizungumza Kinorwei.

Tukiwa bado kwenye ukoma: daktari hutafuta baka lisilohisi. Swali la haraka ni "je, lina ganzi?" Lakini ganzi, kwa wengi wetu, ni ule mguu uliokaliwa vibaya kanisani, unaochomachoma na kisha hurudi. Aliyepoteza hisia hana kitu cha kuripoti. Hicho ndicho kiini cha ugonjwa. Atajibu hapana, atakwenda zake, na mishipa itaendelea kufa. Swali bora ni la mambo ya jikoni: umewahi kuungua bila kujua mpaka ukaona lengelenge? Swali kama hilo halipatikani kwa kutafsiri. Hupatikana kwa kukaa na watu.

Najua majibu nitakayopewa. Madaktari watasema hawana muda, kwamba mlipuko haungoji isimu. Ni kweli haungoji, na ndiyo sababu orodha za maswali ziandaliwe wakati hakuna mlipuko. Baadhi ya walimu wetu watasema tusubiri istilahi rasmi. Hapa siwafuati. Istilahi rasmi ina faida katika vitabu, lakini mwaka 2024 tuliona ilivyo: Shirika la Afya lilikuwa limekwisha kubadilisha jina la ugonjwa kuwa mpox tangu Novemba 2022, Kifaransa kikiendelea na ndui yake ya nyani, vyombo vya habari vya Kenya na Tanzania vikisema "homa ya nyani", jina linaloficha ngozi na kutanguliza joto. Na nyani wenyewe walitoka wapi? Virusi vilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwenye nyani wa maabara huko Denmark. Binadamu wa kwanza aliyejulikana kuugua alikuwa mtoto wa Congo, mwaka 1970. Katika nchi ambayo Wabelgiji waliwaita babu zetu "macaque", na ambayo hadi leo huita nyani makako, jina hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu mwenye vipele usoni anayepita sokoni.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza muhula ujao bila fedha ya mfadhili. Kila daktari anayeandaa utafiti wa ngozi katika vyuo vya Kivu Kusini alete maswali yake kwa mwanafunzi mmoja wa lugha. Mwanafunzi ayatafsiri, mwingine ambaye hajaona ya asili ayarudishe kwa Kifaransa, tofauti zijadiliwe mezani. Kisha watu kumi wa mtaani, si wagonjwa, waulizwe si jibu lao bali walivyolielewa swali. Karatasi hizo ziambatishwe kwenye tasnifu ya daktari, na jopo la mtihani liziombe kama linavyoomba hesabu za takwimu. Kwa mwanafunzi wa lugha, kazi hiyo ihesabiwe kuwa memwari kamili. Hili la mwisho liko mikononi mwa baraza la kitivo, na ndilo ninaloomba lijadiliwe.

Kitenzi kulala nimekwisha kukianza, kwa Kiswahili cha Uvira mjini na cha Kiliba. Kupona hakijachukuliwa na mtu, na kuwasha kinahitaji mwenzangu anayekijua Kibembe vizuri kuliko mimi.